Meli Mbili za Mama Faili

Siku hiyo bosi alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Faili mchecheto. Miaka ishirini na sita alikuwa sekretari wa kampuni ile ya matangi ya maji, na miaka yote hiyo kufunga mlango ilikuwa kazi yake, pamoja na kujua nani anasubiri nje, ana shida gani, na aambiwe bosi yupo au katoka. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ofisi nzima ilimwita Mama Faili, kwa kuwa ukimwuliza barua ya mwaka wowote ule, ataiendea kabatini na kurudi nayo kabla hujamaliza kueleza unaitakia nini.

"Kaa," bosi alisema.

Akakaa. Kiti kile cha ngozi alikuwa amekikalia mara moja tu, siku kilipoletwa, kukagua kama kinazunguka.

Bosi akamsukumia vijitabu viwili vinavyong'aa, kila kimoja na picha ya meli nyeupe yenye madirisha mengi kama sega la nyuki. "Umebakiza miezi miwili ustaafu, sivyo?"

"Mwezi mmoja na wiki tatu, bosi."

"Basi nina kazi moja nataka unifanyie kabla hujaondoka. Hizo ni meli za kitalii. Hii inaitwa Lulu, hii Nyota. Zimeundwa kiwanda kimoja, zinafanana kama mapacha. Safari ya siku kumi na mbili, watu wawili, chumba kimoja. Zilinganishe uniambie ipi bora. Na usidanganywe na picha."

"Anasafiri nani, bosi?"

Bosi akatabasamu kile kitabasamu chake cha shavu moja. "Wewe chagua kana kwamba unajichagulia mwenyewe. Na usimwambie mtu."

Sasa mwanamke anayekaribia kustaafu akiambiwa maneno kama hayo, mnataka afikirie nini? Mama Faili alikwenda chooni, akajifungia, akajiziba mdomo kwa taulo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ishirini na sita! Kumbe kuna mtu alikuwa anahesabu.

Akaifanya kazi ile kwa bidii ambayo hakuwahi kuifanyia kazi nyingine. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alibaki mezani na rula na kalamu nyekundu, akipima ramani za meli sitaha kwa sitaha. Aligundua kwamba kwenye Nyota, vyumba vizuri vya sitaha ya sita viko chini ya ukumbi wa dansi, kwa hiyo mtu atalala huku visigino vya wenzake vinampigia ngoma kichwani. Kwenye Lulu, juu ya vyumba hivyo hivyo kuna chumba cha kusomea vitabu. Lifti za Lulu zilikuwa tatu. Za Nyota mbili, na moja ilitumika pia kupandishia mizigo. Bwawa la Nyota lilikuwa pana zaidi, lakini upepo ulilipiga ubavuni. Kwenye Lulu unapewa meza yako tangu siku ya kwanza, kwenye Nyota unapanga foleni na sahani mkononi kama mwanafunzi wa bweni.

Alimpigia wakala wa safari mara nyingi hata wakala akawa anamtambua kwa kikohozi.

"Mama, nakwambia ukweli," wakala alimwambia siku moja, amechoka. "Hizi meli ni kitu kimoja. Tofauti ni rangi ya mazulia."

"Mwanangu, hata mapacha mama yao anawajua. Hebu niambie, mlango wa chumba cha sitini na nne unafungukia wapi?"

Siri aliibeba siku tisa. Siku ya kumi ilimshinda, kwa sababu kulikuwa na lile neno: watu wawili. Mumewe alikwishakufa zamani, na watoto hakujaliwa. Mtu wa pili angekuwa nani? Alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, dobi wa hospitali, aliyeshinda siku nzima kwenye chumba cha chini ya ardhi akifua mashuka ya wagonjwa, mikono imepasuka kwa dawa. Mdogo mtu huyo hakuwahi kulala nje ya mji ila kwenye misiba. Halafu alikuwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye saluni ya viti viwili na ulimi wa wembe. Wanawake hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu zamani.

Jumamosi alimwambia mdogo wake. Jumapili akamwambia wifi yake. Na kila mmoja alimwambia hivi: "Sijaamua nitamchukua nani."

Hapo ndipo Mama Faili alipoonja kitu ambacho hakuwahi kukionja. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeitwa kwa kengele. Sasa kengele ilikuwa mkononi mwake. Wiki ile ile mdogo wake alikuja akashusha mapazia yote ya nyumba, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha. Wiki iliyofuata akafua mablanketi. Wifi naye alimwita saluni kila Ijumaa, akamsuka, akamfungua, akamsuka upya, akimsifia nywele ambazo mwaka mzima alikuwa akizicheka kwamba zimebaki kama nyasi za kiangazi. Mama Faili alipokea yote, na kila alipoyapokea aliongeza kidogo: "Mwenzio jana aliniletea matunda." Kesho yake matunda yakaja.

Jumapili moja akawaita wote wawili nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, akatandaza ramani ya Lulu mezani. Moyoni alikwisha kuichagua.

"Haya," alisema, ameshika rula. "Tuko chumba hiki. Kengele ya chakula imelia. Tunapita wapi?"

Wifi akaweka ukucha wake mrefu moja kwa moja kwenye lifti. Mdogo mtu aliinama, akafuata mistari kwa kidole chake kilichopasuka, akapinda hapa, akapinda pale, akaishia kwenye ngazi za wafanyakazi.

Wifi akaangua kicheko. "Huyo kaenda kufua!"

Dada mtu angeweza kunyamaza. Badala yake alimtazama mdogo wake kuanzia juu hadi chini, akasema, "Mdogo wangu, wewe si utaniaibisha? Nitakutafuta siku tatu, nikukute chumba cha injini umeshika ndoo."

Mdogo mtu alicheka nao. Alicheka akiitazama mikono yake, kisha akaiondoa mezani akaiweka mapajani. Mama Faili aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa, na akasikia utamu fulani ukimpanda, kama wa mtu anayejikuna penye upele.

Wakati wa kuondoka mdogo mtu alibaki mlangoni. "Dada, metroni kaninyima likizo. Nimemwomba mara mbili. Anasema wagonjwa hawaendi likizo."

"Basi atakwenda wifi."

"Sikusema siendi, dada. Nasema kaninyima ruhusa."

"Na mimi nasema meli haingoji mashuka. Nipe jibu kufikia Alhamisi. Ukiwa huna, usije ukanilaumu."

Alhamisi hiyo ndiyo bosi alipoitaka ripoti. Mama Faili aliingia nayo kwenye jalada jipya, kurasa saba, amezichapa mwenyewe na kuzipigia mistari. Alivaa gauni la bluu alilokuwa akilihifadhi kwa siku ya kuagwa. Bosi alisoma kurasa zote saba bila kuinua uso. Ukutani kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, tone, tone.

"Kwa hiyo Lulu," bosi alisema mwishowe.

"Lulu, bosi. Sitaha ya sita, chumba cha sitini na nne. Wakikwambia cha mbele ni kizuri zaidi, usikubali, mawimbi yanagonga."

"Safi sana. Wakala ametuma fomu. Kaa hapo kwenye kompyuta yangu tuijaze."

Akakaa, akanyoosha vidole. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za majina. Kwenye ya kwanza alikwisha kuandika herufi mbili za jina lake, lile la kwenye kitambulisho, wakati bosi alipoanza kutamka jina lake yeye bosi. Alilitamka polepole, herufi kwa herufi, kama kwamba Mama Faili hajaliandika mara elfu chini ya kila barua.

"Na pale pa pili," bosi aliendelea, "mama watoto. Tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Sitaki ajue mpaka siku yenyewe."

Vidole vya sekretari wa miaka ishirini na sita havisubiri moyo. Vilifuta zile herufi mbili, vikaandika majina yote mawili bila kosa, na tarehe za kuzaliwa, na namba za hati za kusafiria, ambazo alizijua kwa kichwa. Alipofika mwisho tu ndipo sauti ilipomtoka.

"Bosi, mimi nilidhani..."

"Najua ulidhani nini."

Mama Faili akageuka kumtazama. Uso wa bosi haukuwa na hasira wala haya. Alikuwa kama mtu anayemweleza mteja namna ya kufunga koki ya tangi.

"Ningekwambia ni yangu, ungeniletea kurasa mbili za kunifurahisha. Ulipodhani ni yako umeniletea saba. Mtu hukagua vizuri kitu akidhani ni chake. Usinune, Mama Faili. Sikukudanganya, sikusema ni yako. Na wewe hatukukusahau, tumekuandalia tangi. La lita elfu moja."

"Naishi ghorofa ya tatu, bosi."

"Basi utaliuza," bosi alisema, na macho yake yalikwisha kurudi kwenye picha ya Lulu. "Tuma hiyo fomu kabla hujatoka."

Akaituma.

Aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, akasema kichwa kinamwuma. Alipanda ngazi za nyumbani kwake akishika ukuta, na ghorofa ya pili akamkuta mdogo wake ameketi kwenye ngazi, mfuko wa plastiki mapajani, anacheka peke yake kama msichana.

"Nimeacha kazi, dada!"

"Umefanya nini?"

"Nimerudisha aproni, nimerudisha na mabuti. Metroni kasema wapo watu arobaini wanaoitaka nafasi yangu. Nikamwambia wape." Alisimama, akamshika dada yake mkono. Kiganja chake kilikwaruza kama msasa. "Na ramani nimejifunza. Ile uliyoitupa niliiokota kwenye taka. Niulize! Tunatoka mlangoni, tunashika kushoto, tunapita milango mitatu, lifti, tunashuka sitaha mbili, ukumbi wa chakula uko mkono wa kulia. Si ndivyo?"

Ilikuwa ndivyo hasa.

Kweli ilimfika Mama Faili hadi kwenye meno. Kulikuwa na jua bado, hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa. Lakini kabla hajafungua mdomo, akilini aliusikia mwingine ukifunguka, mdomo wa wifi, na kicheko chake kikizunguka saluni nzima: Mama Faili kachezewa! Kajichagulia meli ya watu! Aliona wateja wenye sabuni vichwani wakigeuka kusikiliza. Alijiona akipita mtaani, watu wakimwuliza bahari inaendeleaje. Akafikiri, nitakufa. Akafikiri tena, si lazima nife mimi.

"Nimemchagua wifi," alisema.

Mdogo mtu hakuelewa mara moja. Aliendelea kutabasamu, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. "Leo ndiyo Alhamisi, dada. Ulisema Alhamisi."

"Nimeshaandika majina. Wifi ni mtu wa watu, anajua kuvaa, anajua kuongea. Wewe utakaa pale kama mzigo. Si kosa lako, ndivyo ulivyo."

Mdogo mtu aliuchukua mfuko wake akashuka. Mabuti ya kazini alikuwa amezoea kuyaburuta, na sasa alipovaa kandambili bado miguu yake iliburuta vile vile, ngazi hadi ngazi, mpaka mlango wa chini ukagonga.

Kabla giza halijaingia, Mama Faili alimpigia wifi yake. "Wifi, nimemchukua mdogo wangu. Damu nzito kuliko maji."

"Na nywele zako mwezi huu zimesukwa na damu?" wifi aliuliza, akakata simu.

Hesabu ya Mama Faili ilikuwa hii: wale wawili hawasemeshani. Kila mmoja atadhani mwenzake yuko baharini, kila mmoja atamchukia mwenzake, na yeye katikati atabaki msafi. Akirudi atasema safari ilikuwa nzuri. Picha? Atasema simu ilianguka majini.

Akaagwa ofisini kwa soda na hotuba ya dakika nne. Tangi likaletwa na lori, likakwama mlango wa jengo, likaachwa nje, na watoto wa mtaa wakaligeuza nyumba. Siku ya Lulu kung'oa nanga alivaa kofia pana, akashuka na sanduku asubuhi kweupe, akawaaga majirani wa ghorofa ya kwanza mmoja mmoja, akatokomea kwenye kona. Alizunguka mtaa mzima, akangoja majirani waende kazini, akarudi kwa mlango wa nyuma. Sanduku lilikuwa na magazeti matupu.

Siku nne alikaa ndani kama mfungwa aliyejihukumu mwenyewe. Mapazia yalifungwa. Hakuwasha redio, hakuvuta maji ya choo ila jirani wa juu akivuta yake. Alikunywa chai na mkate uliozidi kukauka, na saa za chakula alijikuta akiwaza: sasa wako ukumbini, mkono wa kulia.

Haya yaliyotokea nje aliyajua baadaye. Siku ya tano mdogo mtu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna nguo za kufua. Hospitali hawakumrudisha. Akapita mbele ya saluni na kupitia kioo akamwona wifi, mikono yake imezama kwenye kichwa cha mteja. Akasimama katikati ya njia mpaka baiskeli ikampigia kengele. Wifi akainua macho, akamwona, akatoka na povu hadi kwenye viwiko.

"Wewe si uko baharini?"

"Mimi? Si ndiye wewe uliyechukuliwa?"

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza wasemeshane bila kutukanana tangu msiba wa mume wa Mama Faili. Wifi akajifuta mikono kwenye gauni lake mwenyewe, akamwacha mteja na povu lake, wakafuatana kwenda nyumbani kwa Mama Faili.

Saa hiyo hiyo, ghorofa ya tatu, simu ya Mama Faili iliita. Alikurupuka aizime, akaona namba ya bosi. Na mazoea yana tabu; akapokea.

"Mama Faili, tuko bandarini, nina dakika chache," bosi alisema. Nyuma yake watu walicheka na vyombo viligongana. "Meza tuliyopewa iko karibu na mlango wa jikoni, mke wangu analalamika. Mpigie yule wakala atubadilishie. Wewe ndiye unayemjua."

"Bosi, mimi nilishastaafu."

"Dakika mbili tu. Sema chumba cha sitini na nne."

"Ndiyo, bosi," alisema, na kwa kuwa laini ilikuwa mbaya ilimbidi apaze sauti. "Nimekusikia. Chumba cha sitini na nne! Meza iwe upande wa madirisha!"

Hapo mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa nguvu. Mama Faili aligeuka jiwe, simu sikioni.

"Wifi!" ilikuja sauti ya nje, imejaa asali. "Bahari imechafuka leo? Tunasikia mawimbi mpaka huku ngazini!" Kisha kikafuata kicheko, kile alichokiogopa, kirefu, mpaka mwenye kukicheka akasikika akikaa chini kwa kukosa nguvu. Milango ya ghorofa ya pili ikaanza kufunguka.

Mdogo mtu hakucheka. Alisogea karibu, sauti yake ikapita kwenye tundu la kitasa.

"Dada. Ungeniambia kweli siku ile ngazini. Ningerudi kwa metroni saa ile ile nikampigie magoti. Alikuwa hajaandika jina la mtu mwingine. Yule mwanamke aliyechukua kazi yangu alikuja Ijumaa." Akaegemea mlango. "Ilikuwa Ijumaa, dada. Nilikuwa bado na usiku mzima."

Mama Faili aliweka kiganja kwenye mlango. Mbao tu ziliwatenga. Ufunguo ulikuwa mahali pake.

"Ni nani huyo anayepiga kelele?" bosi aliuliza kwenye simu.

"Hakuna mtu, bosi," Mama Faili alisema.

Maneno hayo yalivuka mlango. Hata wifi alikoma kucheka. Kisha miguu ikasikika ikishuka, jozi mbili, moja ikiburuta.

Akampigia wakala, na meza ikabadilishwa.

Wifi alimchukua mdogo mtu saluni awe wa kuosha vichwa, na kumbe mikono ile iliyokwaruzana na mashuka miaka yote ilijua kichwa cha mtu. Wateja wakaanza kumwulizia yeye. Mama Faili alikaa miezi sita bila kukanyaga mtaa ule. Siku alipojikaza akaingia, wifi aliendelea kusuka kama aliyeingia ni upepo. Mdogo mtu akamwonyesha kiti cha kuoshea, akamfunga taulo shingoni.

"Mdogo wangu," Mama Faili alianza.

"Kichwa nyuma, mama," mdogo mtu alisema kwa adabu ile wanayopewa wateja wote. Akafungua maji, akamwosha vizuri, akamsuuza mara mbili. Alipomaliza akamwita mtu aliyekuwa akifuata.